Kiswahili Kilivyonifunza Kitaliano

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi mimi nimeinama mwaka mzima nikijifunza Kitaliano bila mwalimu, na maneno niliyoyasikia bwenini kwa sababu hiyo si haba. "Ala! Unataka kuacha shule ukawauzie Wazungu safari?" Wengine wakaniita Papa. Kwa wengi wetu, Kitaliano ni lugha ya ufuoni, lugha ya wale walioshindwa na masomo.

Msomaji mpendwa, wewe unayetoka bara huenda ukauliza Wataliano na Malindi wapi na wapi. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu, ili kurusha setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ikaitwa Uhuru. Wataliano wakaupenda mji, wakaleta hoteli, wakajenga nyumba. Leo kuna vijana wa kwetu wanaokisema Kitaliano kama maji, na hawajawahi kushika kitabu chake.

Sababu yangu mimi haikuwa safari. Mama yangu husuka vikapu vya ukindu na kuwauzia watalii. Kitaliano hakijui, kwa hiyo aliyekuwa akimtafsiria ni dalali mmoja. Mtalii hutaja bei, dalali humgeuzia mama, na mama hupokea anachopewa. Kikapu kikubwa humchukua siku tatu, vidole vikamchubuka, lakini pesa alizorudi nazo hazikulingana na siku tatu. Nilishuku. Lakini kushuku si kujua, na mtoto hawezi kumwita mtu mzima mwongo kwa kushuku tu. Nikanunua kitabu cha mitumba kwa shilingi hamsini, nikaanza: maneno matano kila usiku, na Jumamosi kuyarudia yote.

Nilidhani nitasota. Kumbe nusu ya safari nilikuwa nimeshaitembea darasani, katika somo la Kiswahili!

Kwanza matamshi. Kitabu kile kilipoteza kurasa nzima kueleza a, e, i, o, u, nami nikazipita, kwa kuwa zinakaribiana mno na zetu. Tena maneno yao mengi huishia kwa irabu, kama yetu. Penye mtego ni ch. Kwao ch husomwa k, na c ikitangulia e au i ndiyo husomwa ch yetu. Hivyo "chi", yaani nani, husomwa ki, na "cento", yaani mia, husomwa chento. Ile gn yao ni ny yetu: "bagno", bafu, ni banyo. Jihadhari pia na herufi pacha. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Usipoikaza hiyo n, utamwita babu yako wa tisa.

Pili upatanisho wa kisarufi. Kitabu kilionya kwamba hapa wageni hulia. "Libro nuovo" ni kitabu kipya, "libri nuovi" ni vitabu vipya. "Casa nuova" ni nyumba mpya, na zikiwa nyingi ni "case nuove". Nami nikajiuliza, wanalia nini? Mtu aliyepitia M-WA, KI-VI, LI-YA na U-ZI atatishwa na makundi mawili, la kiume na la kike? Vighairi vipo, kwa mfano "mano", mkono, huishia kwa o ilhali ni jina la kike. Lakini hata sisi kifaru ana ki- na bado twasema kifaru amelala.

Tatu vitenzi. "Parlo" ni nasema, "parli" ni unasema, "parliamo" ni tunasema. Huhitaji kutamka "mimi" wala "sisi", kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi. Nikaandika daftarini: Kiswahili hubeba nafsi kichwani, Kitaliano mkiani. Sikusahau tena.

Nikakutana hata na jamaa zetu. "Bandiera" ni bendera, "vino" ni mvinyo. Mwalimu wetu wa Kiswahili akanieleza kwamba sisi tuliyapata maneno hayo kwa Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498, na kwamba Kireno na Kitaliano ni watoto wa Kilatini. Nikamwonyesha "basta", yaani yatosha, nikisema bila shaka ndiyo basi yetu. Akacheka. "Si kila wanaofanana ni ndugu. Basi yetu imetoka Uajemi."

Likizo ya Desemba nikaenda ufuoni na mama. Alikuja mama mmoja wa Kitaliano, akakipenda kikapu kikubwa, akasema, "Venti euro, va bene?" Dalali akamgeukia mama: "Anatoa elfu moja."

Moyo ulinidunda. Yuro ishirini ni zaidi ya elfu mbili na nusu. Nikamsalimu mgeni, "Buongiorno, signora. Questa è mia madre." Yaani huyu ni mama yangu. Kisha nikamwambia dalali taratibu, "Mjomba, venti ni ishirini."

Akajikohoza. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kasema ngapi?"

"Ishirini, mama. Yuro ishirini."

Mama hakugomba. Alinyoosha mkono akapokea pesa zake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Dalali bado huja, kwani watalii anawajua yeye, na mama humpa haki yake ya udalali waziwazi. Lakini sasa bei anaisikia kwa masikio yake. Nimemfunza hesabu hadi ishirini, na ile "cinque", tano, huitamka vizuri kuniliko.

Wenzangu, sijafika mbali. Wakati uliopita wa Kitaliano bado unanitoa jasho. Ninachowaomba ni viwili: msiidharau lugha kwa sababu ya mahali inaposemwa, na msisinzie mwalimu anapofundisha ngeli. Anayetaka tuanze pamoja anione Jumatano baada ya chakula cha jioni. Aje na daftari.