Ada Yangu Ilitoka kwenye Mkaa

Wengi wenu mnanifahamu kwa ile fulana ya kijani. Niko mwaka wa tatu, na huu ni mwaka wa pili nikiwa katibu wa klabu yetu ya mazingira. Nimepanda miti, nimeokota chupa ufukweni, nimebeba mabango mpaka mabega yakauma. Kitu ambacho si wengi wanakijua ni kwamba mama yangu anauza mkaa Kigogo. Mkopo nilipata, ila si wote. Sehemu ya ada iliyobaki, godoro nililokuja nalo hosteli na nauli ya kufika hapa siku ya kwanza vilitoka kwenye makopo ya mkaa.

Nayasema haya kwa sababu muhula uliopita klabu yetu ilikaribia kuvunjika, na chanzo kilikuwa mkaa.

Mnakumbuka ile barua ya kukusanya saini iliyozunguka kwenye magrupu ya madarasa. Iliutaka uongozi uwaondoe mama lishe wote wanaopikia mkaa nje ya geti, mwisho iwe kufunguliwa kwa muhula huu. Hoja zake zilikuwa na uzito. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi Januari 2024 ziachane na kuni na mkaa. Mei 2024 serikali ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Sasa iweje chuo, mahali pa wasomi, geti lake lifuke moshi kila mchana?

Mwenyekiti wetu, ambaye ni rafiki yangu wa karibu, alilisema wazi kikaoni: "Dada, hatuwezi kula wali wa mkaa mchana halafu jioni tukaposti picha za miche." Watu wakapiga makofi. Akasimama kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, akauliza, "Samahani mwenyekiti, kwa hiyo sisi tutakula wapi?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa bumu lenyewe hili, wapo wanaoishi kwa sahani moja ya wali maharage pale getini kwa siku nzima.

Nikaombwa niisome barua ile mbele ya mkutano wa wanafunzi, kwa kuwa ndiyo kazi ya katibu. Niliomba wiki mbili. Wengine walidhani nakwepa. Nilichotaka ni kwenda kuuliza swali moja ambalo barua haikuwa nalo: gharama ya jambo hili jema inamwangukia nani?

Swali hilo nililipata nyumbani. Mama anapokea magunia kutoka kwa wenye malori wanaoshusha mzigo usiku. Anafungua gunia, anapima kwa kopo na kwa sado. Mteja wake mkubwa ni mwanamke anayekuja saa kumi na mbili jioni na elfu moja mkononi. Mwanamke huyo anaijua gesi na anaitamani. Lakini kujaza mtungi mdogo wa kilo sita ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja, na yeye 20,000 hajawahi kuishika ikiwa haina mwenyewe. Anapata kidogo kila siku, kwa hiyo ananunua moto kidogo kila siku. Mkaa umekaa mjini miaka yote hii kwa sababu unakubali kugawanyika: kuna gunia, kuna debe, kuna sado, kuna kopo.

Na mama si adui wa mazingira. Kwanza yeye ndiye anayepigwa. Sisi tunaishi upande wa bonde la Msimbazi, na masika yakikaza mto unapanda kututembelea bila hodi. Kwenye mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, na zile za masika ya 2024, maji yaliingia hadi kwenye banda lake. Mkaa uliolowa unauanika kwenye turubai siku nne, ukikauka unapasuka, nusu inakuwa chenga. Chenga hainunuliwi. Darasani tunafundishwa kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na ndiyo maana mvua siku hizi zinashuka kwa kishindo. Mama hajui habari ya mvuke. Anajua hesabu ya magunia.

Kwa upande mwingine, sitaki kuupamba mkaa. Tanuri la udongo la kule porini linakula kilo nyingi sana za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa. Miti inayokatwa Pwani, Morogoro na Lindi haioti tena kwa kasi ya midomo ya Dar es Salaam. Na moshi wa jikoni unakaa kwenye kifua cha mpishi. Mama anakohoa, nami namsikia. Kwa hiyo hoja ya mwenyekiti kuhusu mkaa wenyewe naikubali yote. Tulichotofautiana ni utaratibu wa kuuacha, na nani ataulipia.

Katika zile wiki mbili nilimtafuta mwenzetu anayesoma sheria, akanipa habari ambayo imenikaa kichwani kuliko desa lolote nililowahi kusoma. Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria katika Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Port Vila nchini Vanuatu, walikuwa na kazi ya darasani ya kutafuta njia ya kisheria ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Visiwa vyao vinamezwa na bahari, na moshi wanaoutoa wao ni kama tone. Walichagua njia ndefu kuliko zote: kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki iseme mataifa yana wajibu gani, na anayeuvunja anawajibikaje kwa waliodhurika.

Wanafunzi hawana uwezo wa kwenda mahakama ile. Ni lazima Umoja wa Mataifa uombe. Kwa hiyo waliandika barua, wakaibembeleza serikali ya Vanuatu, nayo ikayabembeleza mataifa mengine. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio bila kupingwa. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wa The Hague wakatoa maoni yao kwa kauli moja: mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi, na linalouvunja linaweza kutakiwa kuacha kosa na hata kufidia. Maoni hayo hayafungi kama hukumu ya kesi, lakini sasa kila wakili duniani anaweza kuyashika mkononi. Huku kwetu, Mei 2025 Umoja wa Mawakili wa Afrika uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha itoe maoni kama hayo kwa bara hili. Arusha, jamani. Ukipanda basi alfajiri, jioni umefika.

Kilichonivutia ni swali lenyewe kuliko ushindi. Wale vijana walitazama nani ameumia, na nani analipa sasa hivi bila kuwa na deni. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, lakini bonde la Msimbazi linalipa. Sisi wanaharakati wa Kiafrika tunalisema hilo kila tukipewa kipaza sauti: msitutwishe mzigo wa waliochafua. Tunakuwa na haki kabisa. Sasa tukitoka kwenye kipaza sauti tukaenda getini, tukamwambia mwanamke mwenye masufuria matatu kwamba gharama ya dunia safi aanze kuilipa yeye, kesho asubuhi, bila mbadala, tutakuwa tumesimama upande gani?

Basi tukaenda getini, mimi na wenzangu wawili, na daftari. Mama lishe wako saba. Wa kwanza alidhani tumetumwa na watu wa ushuru, akatufukuza. Tukarudi kesho yake tukala kwanza, ndipo tukauliza. Mmoja wao, mama mtu mzima tunayemwita Shangazi, alitupa sentensi ambayo niliiandika nzima: "Gesi siikatai wanangu. Nakataa kulipia ya wiki nzima siku ambayo sijauza hata sahani moja."

Hapo ndipo barua yetu ilipobadilika. Nilirudi kikaoni nikakumbusha habari ya mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 ilipigwa marufuku nchi nzima, na wengi wetu tukiwa sekondari tuliona ilivyotoweka madukani ndani ya muda mfupi. Watu husema ni kwa sababu ya faini. Faini ilisaidia, lakini pia mifuko mbadala ilikuwa tayari inauzwa na machinga walewale, pale pale sokoni, kwa shilingi mia chache. Aliyekuwa akiuza mifuko aliendelea kuuza mifuko. Marufuku ilimkuta akiwa na kitu cha kushika.

Tulibishana hadi saa tatu usiku. Mwenyekiti alisema tukilegeza tutaonekana tunatetea mkaa. Nikamwambia na anayeuuza ni mama yangu, kwa hiyo nisihukumiwe kwa fununu, nihukumiwe kwa hoja. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Halafu yeye mwenyewe akasema, "Haya katibu, andika." Ndiyo maana bado ni rafiki yangu.

Barua iliyosomwa mbele yenu haikuomba mtu aondolewe. Iliomba banda moja la pamoja la kupikia nje ya geti, lenye gesi inayopimwa kwa mita, ili kila mama alipe alichotumia siku hiyo. Teknolojia hiyo ipo tayari mjini. Kuna nyumba za Dar es Salaam zinazonunua gesi kwa simu kidogo kidogo kama vocha. Iliomba pia tarehe ya mwisho ya mkaa ihesabiwe kuanzia siku banda litakapowashwa. Tulipata saini nyingi kuliko tulivyotarajia. Jibu tulilopewa ni lile mnalolijua: limepokelewa, linafanyiwa kazi. Hadi naandika, bado linafanyiwa kazi.

Mama lishe hawakusubiri. Ile siku ya daftari iliwafanya wahesabu, na wakaanzisha mchezo. Wako saba, kila mmoja anatoa 2,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kila baada ya wiki mbili mmoja anachukua 168,000 na sharti ni moja tu: anunue mtungi na jiko. Shangazi ndiye kijumbe. Watatu wameshapokea. Ukipita pale sasa utaona wali na mboga zinaiva kwenye gesi, na maharage bado yanatokota kwenye mkaa kwa sababu yanakula moto mrefu. Kwa hiyo mkaa haujaisha getini. Umepungua, na hakuna aliyelala njaa.

Linabaki la mama yangu, na hili sina jibu lake. Mkakati wa kitaifa ukifanikiwa, na mimi naomba ufanikiwe, wateja wake wa saa kumi na mbili jioni watakoma kuja. Nilipomweleza, aliniangalia kwa muda akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi. Niambie tu baada ya mkaa nauza nini." Kuwa wakala wa gesi kunataka mtaji wa mitungi, na yeye mtaji wake umelala kwenye magunia manne. Wataalamu wanaliita jambo hili mpito wa haki. Kwenye vitabu linasomeka vizuri. Pale bandani kwetu lina maana moja tu: mtu aliyeishi kwa mkaa apewe njia ya kuishi bila huo mkaa, kabla hajafungiwa.

Ombi langu kwenu, hasa ninyi wa mwaka wa kwanza mnaojiunga na klabu muhula huu, ni dogo. Tutaandika barua nyingine. Ipo ya taka za hosteli na ipo ya vyungu vya jiko la kafeteria. Kila tukiandika madai yetu, tuchukue na karatasi ya pili. Juu yake tuandike nani atalipa gharama, kwa majina yao na si kwa makundi, na kila mmoja atafanya nini Jumatatu inayofuata. Ikibaki tupu, barua bado haijaiva, turudi tukaulize.

Karatasi ya mkaa ninayo. Ina majina saba ya getini, na la nane la Kigogo. Mwenye wazo juu ya huyo wa nane anitafute: kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe nyuma ya maktaba, tunakutana hapo.