Watoto Ndio Walioshuka

Nilipopangiwa darasa la kwanza mwaka 1998, nikiwa nimetoka Chuo cha Ualimu Mtwara Kawaida na cheti changu cha daraja la III A, walimu wenzangu walinipa pole. Walimu wazoefu walitaka darasa la saba, kwenye heshima na tuisheni. Mimi nilikabidhiwa watoto wasiojua kushika penseli, katika shule ya Mtwara mjini ambayo meli ikipiga honi bandarini darasa zima linageuza shingo dirishani.

Kupima watoto lilikuwa jukumu langu mwenyewe. Nilikuwa na kopo la korosho ghafi za kuhesabia, na kila wiki hesabu ilipungua kwa sababu wapo waliokwenda kuzichoma wakati wa mapumziko. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaandika "vizuri" au "jitahidi", basi. Mkaguzi akija alitaka maazimio ya kazi na maandalio ya somo; hakuniuliza wastani wa darasa. Mtihani wa taifa ulikuwa shughuli ya darasa la saba. Wa darasa la nne nao ulikuwepo, aliyeshindwa alikariri darasa, na sikumbuki mzazi aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Watu wakisimulia enzi zile husahau umri. Mtoto kuanza darasa la kwanza na miaka tisa, hata kumi, halikuwa jambo la ajabu hapa kwetu. Wengine walikuja wakiwa wameshatoka jandoni. Kwa hiyo aliyekaa mtihani wa darasa la nne alikuwa na miaka 12 au 13, mtu mzima kidogo, anayeweza kuvuka na mtumbwi kutoka Msangamkuu na kurudi bila kusindikizwa. Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, ada ikafutwa, watoto wakaandikishwa kwa wingi hadi nikafundishia mlangoni maana ndani hapakuwa na pa kusimama. Ikaja elimu bila malipo mwaka 2016, na madarasa ya awali yakajaa watoto wa miaka mitano. Hayo ni mema, sina ugomvi nayo. Ila matokeo yake ni kwamba mtahiniwa wa darasa la nne leo ana miaka tisa au kumi. Nasikia watu wakilalamika kwamba mitihani imeshushwa hadi kwa wadogo. Kwa darasa la nne naona kinyume: mtihani umekaa palepale, watoto ndio walioshuka.

Mbio zenyewe za mitihani zilianza juu. Mwaka 2012 nchi ilishtuka kusikia kuna maelfu ya wanafunzi wa kidato cha kwanza wasiojua kusoma wala kuandika. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Serikali ikaja na Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Lawama ikateremka ngazi kwa ngazi, kutoka sekondari hadi darasa la saba, kutoka la saba hadi la nne, mpaka ikafika kwangu chini kabisa. Tukawa na jaribio la wiki, mtihani wa mwezi, mtihani wa ujirani mwema kati ya shule jirani, moko ya kata, moko ya wilaya. Nilisahihisha zaidi ya nilivyofundisha.

Sitaki kuwa mchoyo wa fadhila. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotoka 2015, uliokazia kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), ulitusaidia sana. Mradi wa Tusome Pamoja ulipofika Mtwara, tulipata vitabu vya hadithi ambavyo watoto waligombania. Lakini KKK nayo ilikuja na saa yake. Nakumbuka siku mpimaji mmoja alipokuja kuwapima watoto wangu wa darasa la pili. Mtoto anaitwa mmojammoja, anasoma kwa sauti dakika moja, maneno yanahesabiwa. Kijana wangu mmoja, nyumbani kwao Kimakonde kitupu, alipewa hadithi ya mbuzi aliyepotea. Akasoma polepole, kidole chini ya neno. Dakika ikaisha, mpimaji akamwambia, "Inatosha, asante." Yule mtoto hakunyanyua hata uso. Akaendelea, neno moja, jingine, mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi: "Mwalimu, kumbe mbuzi kapatikana!" Kwenye fomu alihesabiwa miongoni mwa wasiosoma kwa kasi inayotakiwa. Kwangu alikuwa ndiye msomaji wa darasa.

Mbio hizo zikiendelea, usalama wa shule nao ulikuwa na historia yake. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma na watu wakaambiwa bomba la kuipeleka gesi yetu nje ya mkoa litajengwa tu, Mtwara ililipuka. Maduka yalifungwa, mabomu ya machozi yakapigwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Wazazi waliwafungia watoto ndani. Waliporudi shuleni walicheza mchezo mmoja tu, askari na raia, na hakuna aliyetaka kuwa askari. Aprili 2019 shule zilifungwa kwa hofu ya kimbunga Kenneth, ambacho mwishowe kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Oktoba 2020 wavamizi kutoka ng'ambo hiyohiyo wakashambulia kijiji cha Kitaya, na kwa kuwa nusu ya familia zetu zina ndugu Msumbiji, watoto walikuja na habari kabla ya redio.

Kila mara yalipotokea hayo, tuliitwa vikaoni. Tukaorodhesha simu za wazazi, tukazungumzia uzio, geti na mlinzi. Vyema. Lakini hatari ya kila siku haikuwahi kuitiwa kikao, kwa sababu tuliitengeneza wenyewe na ilikuwa inapandisha wastani.

Namaanisha masomo ya alfajiri. Vipindi vya ziada, hasa vya darasa la nne, vilianza saa 12, na kabla yake kuna kuwahi namba ya kufika shuleni. Fanya hesabu: mtoto wa miaka tisa aondoke kwao saa 11 alfajiri, peke yake, barabara haina taa. Kuna mbwa, na kuna bodaboda wanaowapakia wasichana "bure". Tangu makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma yaanze kusafirishwa kupitia bandari yetu, kuna pia malori yale marefu, ambayo madereva wake wameendesha usiku kucha.

Kisha kambi. Upimaji wa darasa la nne unaangukia Oktoba, korosho zimeiva na kila mkono unatakiwa shambani. Ili wasituponyoke, tuliwalaza shuleni. Madawati yalisukumwa ukutani, mikeka ikatandikwa, wazazi wakaleta unga na maharage. Choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja na mlinzi ni mzee mmoja. Niliuliza kikaoni, "Watoto wa kike analala nao nani?" Mwenzangu mmoja akajibu, "Mwalimu, tusianze kutafuta matatizo." Akapatikana mama mpishi, baada ya mimi kukataa kusaini karatasi ya kambi. Na ufaulu ulipanda mwaka ule. Hapo ndipo penye ugumu: kambi ilizaa matokeo, na mwenye matokeo hapingwi.

Mwaka 2023 mambo yalilegea kidogo. Januari, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Mwezi Machi wizara ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kwetu kambi ikafa, angalau ya usiku. Yakaanzishwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto, nikachaguliwa mwalimu mlezi, na tukatundika sanduku la maoni. Nilitarajia malalamiko ya viboko, na yalikuwemo. Lakini karatasi nyingi zaidi zilihusu alfajiri. Moja, kwa mwandiko wa darasa la tatu, ilisema: "mwalimu naomba tusije usiku mimi naogopa kwenye mikorosho".

Niliisoma ile karatasi kwenye mkutano wa wazazi. Mama mmoja, mchuuzi wa ming'oko, alisimama akasema yeye humsindikiza mwanawe kila siku na biashara inamlalia. Baba mmoja akasema sisi wa zamani tulitembea mbali zaidi na hatukufa. Nikamwuliza alikuwa na umri gani darasa la nne. Akafikiri. "Kumi na tatu," akasema, watu wakacheka, naye akacheka. Tukakubaliana darasa la kwanza hadi la nne waingie saa moja na nusu.

Muhula uliofuata wazazi kadhaa waliwahamishia watoto wao shule nyingine, ambako bado wanaanza saa 12. Sasa wanalipia bodaboda.