Goti jipya, choo kilekile

Lusenda, teritwari ya Fizi. Familia moja ya kijijini ilikuwa karibu kuuza shamba lake la mihogo ili mama yao akapasuliwe goti. Mnunuzi alikuwa tayari amepatikana. Kilichowasimamisha ni ujumbe wa sauti kutoka kwa yaya wa mama huyo, anayeishi Marekani. Yeye mwenyewe aliwekewa goti bandia huko miaka 2 iliyopita. Majina yao yamehifadhiwa.

Dada hawa wawili walizaliwa kando ya Tanganyika. Vita vya 1996 viliwavusha ziwa mpaka Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani. Mkubwa alikaa kambini miaka mingi, kisha akapelekwa Marekani. Mdogo alirudi nyumbani, na mwaka 2015 aliona Warundi wakifika Lusenda na mizigo kichwani, kama wao walivyofika Tanzania. Wote wawili wamebeba maji, mihogo na watoto tangu utoto wao. Wote wawili magoti yameharibika.

Ugonjwa huu ni wa watu wengi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 365 walikuwa nao kwenye goti, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Kile kitu laini kinachofunika ncha za mifupa, kiitwacho gegedu, kinalika kidogokidogo. Goti linavimba, linakakamaa asubuhi, na mwishowe linauma hata usiku mtu akiwa amelala.

Katika upasuaji, daktari anakata ncha zilizoharibika za fupa la paja na la muundi, anazifunika kwa chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu. Goti hilo linadumu. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya magoti 100 yaliyowekwa, kama 82 bado yalikuwa mahali pake baada ya miaka 25.

Yaya hakuficha furaha yake. "Mdogo wangu, nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kulala mpaka asubuhi," alisema. Sasa anakwenda sokoni kwa miguu, anapanda ngazi, anapika akiwa amesimama.

Lakini aliendelea kusema. Siku ya kwanza tu baada ya kupasuliwa walimsimamisha. Wiki nyingi zilizofuata alikwenda kwa mganga wa mazoezi ya viungo, na huko alilia, kwa sababu goti lisipokunjwa mapema linabaki gumu. Miezi ilipita kabla uvimbe haujaisha. Pembeni mwa kovu ngozi imekufa ganzi. Kanisani wenzake wanapopiga magoti, yeye anabaki kwenye benchi. Na yeye anajihesabu kati ya waliobahatika: kati ya wagonjwa 5, karibu 1 anasema hakuridhika na goti lake jipya.

Ndipo alipouliza swali lililonyamazisha nyumba nzima: "Ukishapona, utarudi kwenye choo gani?"

Goti bandia mara nyingi linakunjika mpaka digrii 110 au 120. Hiyo inatosha kwa kiti, kwa ngazi na kwa barabara. Kuchuchumaa kabisa kunataka zaidi ya hapo. Na kwa mama wa Lusenda, kuchuchumaa ni choo, ni kuosha vyombo ziwani, ni kuanika ndagala, ni kuwasha moto wa kuni.

Kuna pia safari. Upasuaji huu unafanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, lakini mtu wa Fizi anapaswa kuvuka ziwa mpaka Kigoma, kisha kukata nchi nzima ya Tanzania. Halafu arudi tena kupimwa. Vidudu vikiingia kwenye goti, jambo linaloweza kutokea hata miaka baadaye, inahitajika hospitali yenye uwezo wa kulifungua upya. Pesa ya shamba inaweza kulipa kwenda. Je, ya kurudi mara ya pili itatoka wapi?

Familia ilikaa siku 2 ikizungumza. Mwishowe shamba halikuuzwa msimu huu. Mama alipelekwa hospitali kupigwa picha ya goti na kuandikiwa dawa, kwa sababu alikuwa akinunua vidonge vya maumivu barabarani, na vidonge hivyo vikizidi vinaharibu tumbo na figo. Mwanaye ambaye ni seremala alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, akakiweka juu ya shimo la choo. Jiko liliinuliwa kwa matofali. Maji sasa yanaletwa kwa baiskeli. Fimbo anaishika kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu. Kila asubuhi anakaa kitini, ananyoosha mguu, anahesabu mpaka 5, anashusha, mara 10.

Baada ya miezi 2 anafika sokoni tena, akipumzika njiani mara 1 badala ya mara 4. Usiku bado goti linamwamsha. Alipoulizwa na watoto kama ameridhika, alijibu: "Yaya amepona. Mimi nimezoea." Hajaacha kutaka upasuaji. Watoto wamemwahidi kwamba baada ya mavuno watazungumza tena, safari hii wakiwa na picha ya goti mkononi na hesabu ya safari nzima, kwenda na kurudi.

Kiti cha choo kimeshaigwa na majirani 3, mmoja wao mzee wa Kirundi wa kambini. Hakihitaji daktari. Lakini goti likivimba ghafla, likiwa la moto, pamoja na homa, hilo si la kuzoea wala la kuchanja kwa wembe. Mgonjwa huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.