Geuza Ubao Kwanza

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu. Alianza mwaka 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi hapa hapa Dar es Salaam, kwa kudhaniwa mhalifu. Mtu wa muda mfupi hivyo, aliyekuwa akiuza kazi zake kwa bei ya kawaida pale Morogoro Stores, Oyster Bay, hawezi kuwa ameacha shehena ya picha. Lakini zunguka Kinondoni na Temeke ukiulizia, hukosi mtu mwenye "orijino" iliyohifadhiwa kwa shangazi. Marehemu hajapewa nafasi ya kupumzika.

Jamaa wakiniita nikawatazamie picha ya namna hiyo, simwangalii mnyama. Nageuza ubao. Tingatinga alichorea hadibodi, yale mabao membamba ya kupigia silingi, kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Nyingi zilikuwa za mraba: chui mmoja, au ndege, na nyuma yake rangi tupu. Twiga waliojazana chini ya Kilimanjaro walikuja baadaye, sawa na kitambaa cha amerikani ambacho mtalii anaweza kukikunja akatia kwenye begi. Ukiletewa saini yake juu ya kitambaa chenye mlima na Wamasai, shukuru, umepunguziwa kazi.

Ugumu uko kwenye hadibodi yenyewe, maana mabao ya zamani bado yanapatikana, nyumba zikibomolewa. Mgongo wake una vialama kama vya wavu, na vumbi la miaka hamsini halikai humo kwa haki: hujaa ukingo wa juu, likapungua pale ubao ulipogusana na ukuta. Uchafu wa kupakwa hauna upendeleo. Maji ya majani ya chai huenea kila mahali sawasawa, hata chini ya fremu ambako vumbi lisingefika. Misumari nayo ina ushahidi wake. Uliopatia kutu ndani ya mbao huacha doa la kahawia pembeni yake. Uliookotwa na kutu yake ukagongwa jana, tundu lake ni safi. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada.

Tabia hii ya kutazama mgongo imenihamia hata kwa watu. Mwenye nyumba akinikaribisha sebuleni, masikio yangu yako uani, anasemaje na binti wa kazi. Sebule kila mtu huipamba. Wenye hila ni wavivu kama sisi wengine, hupamba pale wanapojua tutatazama.

Halafu kuna hadithi. Picha ya uongo huja na hadithi iliyonyooka: babu alikuwa mpishi wa mzungu Oyster Bay, mzungu akarudi kwao, akamwachia zawadi, na sasa kuna mgonjwa ndani ya nyumba ndiyo maana inauzwa haraka. Mwenye kitu cha kweli mara nyingi hana la maana la kusema. Ilikuwa ya baba, hajui aliitoa wapi, na kwa muda fulani ilizibia dirisha lililovunjika. Na tuseme ukweli, hadithi ile ndefu haitungwi na muuzaji peke yake. Mnunuzi anayetaka hazina kwa bei ya kitenge humsaidia kila anapotikisa kichwa kukubali.

Lakini kunakili si dhambi, na hapa wageni wengi huchanganya. Tingatinga alikuwa na wanafunzi, baadhi yao ndugu zake: January Linda, Simon Mpata, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kuiga mkono wake, na alipokufa wakaendelea, wakawafundisha wengine, mpaka mwaka 1990 kikawapo chama cha ushirika pale pale Oyster Bay. Kijana wa leo akimchora chui wa mwalimu, kisha akaandika jina lake mwenyewe pembeni, amefanya kazi halali kabisa. Chui yule yule, rangi ile ile. Ukibadilisha jina tu, imekuwa wizi. Uongo wote unaenea kwenye nafasi ya vidole vitatu.

Huko Temeke kijana mmoja alinitolea ubao uliofungwa kwenye kanga. Mgongo wake ulinukia chai. Mbele, hata hivyo, alikuwapo chui wa kusimamisha mtu, mkia wake umekunjwa kwa mpigo mmoja wa brashi bila kusita, madoa yakipungua ukubwa kuelekea miguuni.

"Kijana, nani kachora?"

Akaangalia mlangoni, kisha akacheka. "Mdogo wangu, mzee."

"Ana mkono. Mwambie afute hilo jina aandike lake, mimi nainunua."

"Kwa jina lake utatoa ngapi?"

Nikamtajia. Akamtazama chui, akanitazama mimi.

"Mzee wangu, hiyo ni hela ya rangi na ubao. Dogo mwenyewe hujamlipa bado."

Hapo alikuwa na hoja. Nikavuta stuli, tukaanza kupatana upya.