Hesabu ya Mofini

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, kisha nikaurudia. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana tungekatizana maneno, na haya nataka uyasome zamu imekwisha, umeshakula, umetulia.

Wasema yule mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi alilia tangu magharibi hadi isha, na mofini yake imo kabatini, hatua chache tu kutoka kitandani, mwenye ufunguo hajulikani alipo. Asubuhi wewe huyo huyo ukasimamishwa mbele ya wenzako, uulizwe mililita mbili zilizopungua chupani zimekwenda wapi. Una haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika pamoja nawe. Ila hasira yako yote umeimwagia daftari la DDA, lile la kuhesabia mofini na dawa za aina yake, na hapo ndipo sikubaliani nawe.

Daftari lile halikubuniwa na muuguzi msimamizi wenu. Kuna sheria ya Kenya ya 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, na kabla yake Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961. Ndiyo asili ya kabati la kufuli mbili, sahihi ya shahidi, ampuli tupu kurudishwa, na salio kuhesabiwa kila mnapokabidhiana zamu. Nawe umezaliwa Mji wa Kale, si mtu wa kuelezwa unga wa kulevya umewafanya nini vijana wetu. Maiti wangapi wametolewa katika vichochoro hivi, mama zao wakiwa bado na nguvu za kwenda sokoni? Ampuli ya pethidini ikitoka wadini bila kuandikwa, haiendi mbali. Yaishia kwa mtoto wa jirani.

Sasa nenda siku moja ng'ambo ya daraja la Nyali, Kisauni, ukaitazame kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga. Kenya ilianza kutoa dawa hiyo Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, ikafuata Malindi 2015, na sasa hata vijana wa huku kwetu wana pa kwenda. Pale ukali wa hesabu wazidi wa kwenu. Kwa kawaida kila mtu hupimiwa dozi yake, akainywa mbele ya mhudumu, akazungumzishwa kidogo ijulikane kwamba ameimeza. Na kliniki hufunguliwa kila siku, hata sikukuu, kwa sababu mgonjwa akikosa dozi hali yake huharibika. Hesabu kali, na dawa kwa wakati wake. Basi atakayekwambia kwamba yule mama alingoja kwa sababu ya sheria, usimkubalie. Aliyemngojesha ni mtu aliyeondoka na ufunguo, na uongozi ambao haukupanga nani aachiwe.

Na huo mkataba wa 1961 husomwa nusu. Utangulizi wake wakiri kwamba dawa hizi hazina budi kuwapo kwa ajili ya kutuliza maumivu. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, 1977. Waganda wao walikwenda mbele zaidi: tangu 2004 muuguzi aliyesomea tiba shufaa aweza kuandika mofini mwenyewe, na bado wana madaftari yao. Mimi natamani siku hiyo ifike kwetu kabla sijastaafu.

Kwa sasa, fanya hivi. Mofini ya maji ni kila saa nne, kwa hiyo maumivu ya saa nne usiku yajulikana tangu saa kumi na mbili jioni. Utafute ufunguo saa tatu, usingoje kilio. Muulize daktari kuhusu kuandika dozi ya kulalia iwe maradufu, mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Usiweke sahihi ya ushahidi kwa dawa ambayo hukuiona ikipimwa, hata akuombe nani, hata awe rafiki yako wa chuo. Chupa ikimwagika au kipimo kikibakiza matone, andika pale pale, shahidi akiwapo. Zile mililita mbili zingekuwa na maelezo yake.

Halafu anza kuandika katika faili la mgonjwa saa uliyoomba ufunguo na saa uliyoupata. Usiongeze lawama wala jina la mtu. Nyakati hizo mbili tu, kila mara, kwa mwezi mzima. Kisha twaandika barua kwa metroni, tukiomba kila zamu iwe na mshika ufunguo wa pili asiyetoka wadini. Malalamiko yako ya sasa watayaita hasira za kijana, lakini faili la mgonjwa hawawezi kulipuuza.

Ijumaa njoo jioni tuiandae hiyo barua. Uje na nakala ya ratiba ya zamu zenu, nataka kuona usiku mnabaki wangapi. Mwambie kaka yangu dawa yake ya presha aliisahau hapa kwangu, utamchukulia.

Shangazi yako