Neema ya Katavi Ipimwe kwa Mizani Gani

Mwezi wa Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotangaza kwamba Tanzania imeingia katika daraja la nchi zenye kipato cha kati cha chini, kwa hoja kwamba pato la kila mtu kwa wastani wa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 ilhali kizingiti cha daraja hilo kilikuwa dola 1,036, sisi tuliotawanyika ughaibuni tulipelekeana pongezi kwa simu usiku na mchana, nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kwa dhati, kwani ni nani asiyeitakia heri nchi iliyomzaa? Lakini mzaliwa wa Mpanda, mkoani Katavi, hawezi kuisikia habari ya wastani wa taifa pasipo kujiuliza: dola 44 zilizotuvusha kizingiti hicho zinamweleza nini mtu anayetaka kuijua hali ya Karema, ya Mishamo, ya Inyonga, au ya kule Mpimbwe kwenye majaruba ya mpunga?

Hesabu yenyewe si ngumu kuieleza. Hukusanywa thamani ya kila kilichozalishwa, pamoja na makadirio ya mahindi ambayo mkulima hakuyapeleka sokoni bali aliyala na wanawe, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya watu, awe mzee, awe kitoto kichanga. Sasa tazama idadi ya watu wa Katavi. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa watu 564,604 katika sensa ya mwaka huohuo, na katika sensa ya 2022 ukahesabiwa watu 1,152,958. Yaani katika muda wa miaka kumi watu wamezidi maradufu, kwa uzazi na kwa wingi wa wakulima na wafugaji waliohamia wakitafuta ardhi na malisho. Mkoa wenye hali hiyo, hata ukiongeza mavuno yake mara mbili, utaonekana katika jedwali la wastani kana kwamba umesimama palepale, ilhali kwa hakika umewapokea watu zaidi ya laki tano na kuwalisha. Mimi naona hilo ni jambo la kusifiwa, na kipimo kisichoweza kuliona kina upungufu mkubwa.

Hapa Uingereza ninapoishi, nchi ambayo wastani wake unaushinda wetu kwa mbali sana, watawala hawauamini wastani huo peke yake. Kwa upande wa England, nchi nzima hugawanywa katika vipande vidogo vya watu wapatao 1,500 kila kimoja, na katika taarifa ya mwaka 2019 vipande hivyo vilikuwa 32,844. Kisha kila kipande hupimwa kwa mambo saba, ambayo ni mapato, ajira, elimu, siha, uhalifu, wepesi wa kupata makazi na huduma, na hali ya mazingira ya pale watu wanapoishi, na vyote hupangwa safu moja toka kilicho duni kabisa hata kile chenye neema kuliko vyote. Katika taarifa za 2010, 2015 na 2019, sehemu iliyotajwa kuwa duni kuliko zote ilikuwa ileile, Jaywick, kijiji cha pwani katika jimbo la Essex. Na Essex ina miji mingi ya watu wenye ukwasi, hata mtu angelitazama jimbo hilo kwa wastani wake tu asingejua kamwe kwamba ndani yake mna dhiki ya namna ile.

Siyasemi haya kwa kuwatukuza wenyeji wangu, maana kijiji kutajwa mara tatu mfululizo ni ushahidi kwamba kupimwa siyo kutibiwa, na pengo la umri wa kuishi baina ya wanaume wa sehemu fukara kabisa za England na wale wa sehemu zenye neema kabisa linakaribia miaka kumi, jambo ambalo taifa tajiri kama hili linapaswa kulionea haya. Walakini mkazi wa Jaywick amepata kitu ambacho mkazi wa kitongoji cha Katavi hajakipata: diwani wake akisimama mbele ya wakubwa kuomba fedha za barabara au za shule, anayo hesabu yenye jina la mahali pake, wala hakuna awezaye kumjibu kwamba jimbo lake kwa jumla linaendelea vizuri. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2011 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya hapa huwauliza watu maswali manne, wayajibu kwa namba kuanzia 0 hadi 10: wanaridhika kadiri gani na maisha yao, wanaona kadiri gani kwamba wanayoyafanya yana maana, jana walikuwa na furaha kiasi gani, na jana hiyohiyo walikuwa na wasiwasi kiasi gani. Wako wanaoyaona maswali hayo kuwa ni ya watu walioshiba. Mimi nayaheshimu, kwa sababu yanampa mtu mwenyewe haki ya kutoa ushahidi juu ya maisha yake.

Wala isidhaniwe kwamba fikra hii ya kutoliamini pato peke yake ni ya wageni tu. Mwaka 1990, Mahbub ul Haq, mwanauchumi wa Pakistan, akisaidiwa na wenziwe, Amartya Sen wa India akiwa miongoni mwao, alipotoa chini ya Umoja wa Mataifa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu, iliyouweka umri wa kuishi na elimu bega kwa bega na pato, Watanzania wa makamo walikuwa wamekwisha kuisikia hoja hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini, kwani Mwalimu Nyerere mwaka 1968 aliandika juu ya uhuru na maendeleo akishikilia kwamba barabara na majengo ni vyombo tu, na kwamba maendeleo ya kweli ni ya watu wenyewe. Mwaka 1970 ukafanywa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika vijijini mbele ya redio, wakasikiliza, wakashauriana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nchi ilikuwa fukara, na haukupita muda mrefu uchumi wake ukaingia katika mashaka makubwa. Lakini mzee aliyejifunza kusoma barua ya mwanawe pasipo kumwomba mtu mwingine amsomee alikuwa amepata kitu ambacho mashaka hayo hayakuweza kumnyang'anya.

Katavi yenyewe ina mfano wa maendeleo yasiyopimika kwa pato, ambao sijaona mwingine ulio wazi kama huo. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi waliovuka mpaka walipewa ardhi Katumba tangu mwaka 1973, na Mishamo tangu mwaka 1978, wakafyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, hata wakawa wanajilisha na kuuza ziada. Lau ungaliwapima kwa mavuno, ungalisema hawa ni watu waliostawi, na pengine kuwapita majirani zao wenyeji. Ila watu hao, pamoja na watoto wao waliozaliwa Katumba na wasioijua Burundi ila kwa kusimuliwa, walihitaji kibali cha maandishi kutoka nje ya makazi yao, hawakupiga kura, wala hawakuwa na nchi ya kuiita yao. Mwaka 2014, serikali ilipowakabidhi vyeti vya uraia watu wapatao 162,000, wa Katumba na Mishamo katika Katavi, na wa Ulyankulu katika Tabora, hakuna gunia hata moja la mahindi lililoongezeka siku ile. Mtu aamkaye mgeni akalala raia amepiga hatua kubwa kuliko hatua ya dola 44, na jedwali la pato halina safu ya kuiandika. Mimi nimeishi ugenini miaka ya kutosha kujua uzito wa karatasi ya namna hiyo. Nimepanga foleni nikiulizwa nimetoka wapi na nitaondoka lini, na kila nikiulizwa huwakumbuka watu wa Katumba waliojibu maswali hayo kwa zaidi ya miaka 40.

Ukishuka hadi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, utakuta habari nyingine ya kale zaidi. Huko ndiko alikotumikia Adrian Atiman, aliyezaliwa pande za mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta, na akafika Karema mwaka 1889, asiondoke katika kazi yake mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka 67 watu wa mwambao ule walikuwa na tabibu. Sijui mhasibu wa pato angaliiandikaje neema hiyo. Lakini mwenye kuuliza umbali wa kutoka kitandani mwa mgonjwa hadi mlangoni mwa tabibu angaliiona mara moja, na swali hilohilo bado linafaa kuulizwa leo katika kila kijiji cha ziwani, hasa wakati wa masika.

Lipo pia jambo la aibu ambalo wastani uliweza kulificha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 45 walikwisha kuzaa au walikuwa na mimba, ilhali kwa taifa zima walikuwa 27. Mkoa wenye mahindi, mpunga, tumbaku, asali na dhahabu ulikuwa ukiongoza nchi katika kuyakatiza masomo ya binti zake. Serikali iliporuhusu mwezi wa Novemba 2021 wasichana waliojifungua warudi shuleni, ilifungua mlango. Sasa yafaa ijulikane, kata kwa kata, ni wangapi wamepita katika mlango huo, maana namba ya mkoa mzima haimwambii mwalimu mkuu wa Mwese wala wa Usevya lolote la kufanyia kazi.

Vyombo vya kuyajua haya tunavyo. Sensa ya Agosti 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi, iliuliza kila kaya juu ya maji, choo, taa na kuni. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, inapotafuta kaya fukara za kusaidiwa, huanzia katika mkutano wa kijiji, ambako wenyeji wenyewe husema nani hana, na hana nini. Na katika Wilaya ya Tanganyika viko vijiji vinane, Katuma, Mwese na Lugonesi vikiwa miongoni mwao, vinavyoihifadhi misitu ya milima ya Ntakata na kulipwa kwa hewa ya ukaa, navyo fedha hizo vimezitumia kwa zahanati, madarasa na bima ya afya. Vijiji vilivyoweza kukaa na kuamua kwamba bima itangulie kabla ya kugawana fedha mkononi vimekwisha kujitungia kipimo chao cha maendeleo, tena kipimo cha insafu kuliko kile cha Benki ya Dunia.

Kwa hiyo rai yangu kwa halmashauri zetu tano, yaani Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe, ni kwamba hesabu za sensa zishushwe hadi kijijini, zibandikwe katika ofisi ya mtendaji, na zisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kanuni hufanywa kila baada ya miezi mitatu. Kisha wanakijiji waongeze maswali yao. Nikiulizwa mimi, ningependekeza matatu ya kuanzia: zahanati iko mwendo wa saa ngapi kwa mama mjamzito anayekwenda kwa miguu, katika wasichana walioanza darasa la kwanza pamoja, ni wangapi waliofika kidato cha nne, na yule aliyehamia juzi na ng'ombe wake, kadhalika mwana wa yule aliyepewa uraia mwaka 2014, je, wakinyoosha mkono mkutanoni hupewa nafasi ya kusema, na wakisema huandikwa?