Mechi Yangu ya Kwanza Manispaa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza, na majibu niliyopata si yale niliyoyataka. Hata hivyo sijuti. Hebu nipeni masikio niwasimulie.

Yote yalianza darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha yenye mada "Siku Ambayo Sitaisahau". Wenzangu waliandika kuhusu harusi, mafuriko na safari za Nairobi kwa gari-moshi. Mimi niliandika kuhusu siku babangu aliponipeleka uwanja wa Manispaa wa Mombasa kutazama mpira kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilieleza jinsi mashabiki wa Gor Mahia walivyojaa na fulana zao za kijani, jinsi Bandari ilivyofunga bao, baba akaniinua juu kama mtu anayetundika taa, na jinsi tulivyorudi kwetu Mikindani vifua mbele, sisi washindi.

Mwalimu alinipa alama kumi na sita kwa ishirini, akaniambia niisome mbele ya darasa. Nilisoma kwa madaha kama mtangazaji wa redio. Nilipofika mwisho, kijana mmoja wa viti vya nyuma, shabiki wa Gor wa kufa na kupona, akanyosha mkono.

"Hiyo ilikuwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na tano," nikajibu bila kusita. "Nakumbuka vizuri. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza, na siku hiyo nilivaa viatu vyangu vipya vya shule."

"Basi wewe ni mwongo! Mwaka 2015 Gor walichukua ligi bila kufungwa na mtu. Hata mechi moja hawakupoteza!"

Darasa zima liliangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzimamzima. Nilimtazama mwalimu nikitarajia anitetee, lakini yeye alitabasamu tu. "Msibishane kama watu wa barazani," akasema. "Nenda ukaulize, kisha uje utwambie."

Niulize nani? Hilo ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule. Babangu, aliyekuwa kibarua katika yadi ya makontena, alifariki mwaka wa 2017 nikiwa darasa la tatu. Nao uwanja wa Manispaa ulibomolewa ili ujengwe mwingine wa kisasa, na yale majukwaa tuliyokalia hayako tena. Aliyenipeleka hayupo, na mahali aliponipeleka hapapo. Sina picha ya siku ile wala kipande cha tiketi. Isitoshe, hiyo ndiyo kumbukumbu pekee niliyo nayo ya kutoka na baba, mimi na yeye peke yetu, kwenda mahali pa kufurahi. Ikiwa nayo ni uongo, basi nimebaki na nini?

Jumamosi asubuhi nilianza kwa jirani yetu mmoja, fundi wa magari, ambaye sisi watoto wa mtaa humwita mjomba. Yeye ni Gor damu. Nilimkuta amelala chini ya matatu, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Mjomba, mwaka 2015 Bandari iliwahi kuwapiga Manispaa?"

Miguu ilicheka kwanza, kisha mjomba akajiburuta nje, uso wote grisi. "Wewe kijana! Hiyo mwaka sisi hatukupigwa na mtu kwa ligi. Andika hapo." Kisha alipoona nimenyong'onyea, akabadilisha sauti. "Lakini kwani bao ni ushindi? Pengine mlitangulia, sisi tukarudisha. Ama refa alikataa. Wewe uliona babako akiruka, si ndio? Basi hiyo ni kweli. Hiyo ingine ndio umejiongezea."

Nikamuuliza yeye mechi yake ya kwanza Manispaa ilikuwa ipi. Alijipangusa mikono kwa kitambaa akafikiri. Alisema walitoka Chaani kwa miguu, yeye na kakake mkubwa, kwa sababu pesa ya nauli ndiyo hiyo hiyo ya tiketi. Walipita Kibarani wameziba pua, maana jaa la taka lilikuwa bado lipo, wakavuka lile tuta la zamani la Makupa, kabla ya daraja la sasa lililofunguliwa mwaka wa 2022. "Kurudi ilikuwa usiku. Upepo wa bahari pale Makupa si mchezo. Brathe akavua shati akanipatia, yeye akatembea na vesti."

"Na nani alishinda?"

"Aisee, hiyo imenitoka kabisa."

Kutoka hapo nilikwenda kwa babu muuza kahawa, ambaye kwao ni Majengo lakini ameishi Mikindani tangu kabla mamangu hajazaliwa. Nilimkuta akipuliza makaa, sahani ya kashata kando yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wataka kahawa au wataka maneno?"

"Nataka maneno, babu."

"Hayo ndiyo ghali," akasema, huku akinimiminia kikombe.

Babu aliingia Manispaa mara ya kwanza mwaka wa 1965, akiwa mtoto wa miaka minane. Alinieleza kwamba enzi hizo mji wa Mombasa uligawanyika pande mbili, Feisal na Liverpool, hii Liverpool yetu ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Mwenge. Ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya mpira. Mwaka huo huo wa 1965 Feisal ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa, ambayo ilikuwa imeanza miaka miwili tu nyuma, mwaka wa 1963. Niliposikia hayo nilishikwa na butwaa. Mimi nilidhani kombe la ligi ni mali ya Nairobi tangu Adamu na Hawa! Bandari yetu ilikaribia, ikawa ya pili mwaka wa 2018 na tena msimu wa 2018/19, lakini kutwaa haijatwaa. Ni Feisal peke yake.

"Babu, mechi hiyo ya kwanza Feisal walicheza na nani?"

Alikoroga makaa kwa muda mrefu. "Wallahi sikumbuki. Alonipeleka ni mjomba wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa na kofia ya kiua nyeupe. Watu walipozidi kusukumana aliivua akanivika mimi, akanambia, 'Ukipotea, ntaitafuta kofia.' Basi mimi mechi yote nimeshika kofia kwa mikono miwili. Mpira wenyewe niliuona kidogo tu."

Nikamuuliza anaonaje sasa uwanja haupo. Babu hakuwa na hasira. Alinikumbusha mwaka wa 2019, Bandari iliposhinda Ngao na kuingia Kombe la Mashirikisho la Afrika. Iliwatoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikawatoa Ben Guerdane ya Tunisia, mpaka ilipofika kwa Horoya ya Guinea ndipo safari ikakomea. Lakini mechi zake za nyumbani ilizicheza Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka hapa.

"Umeona wapi?" babu akasema. "Wageni waja kwako, na wewe wafunga safari usiku kucha kwenda kuwapokea nyumba ya jirani."

Siku hizi Bandari huchezea Mbaraki, na ni uwanja mzuri, sisemi kitu. Lakini Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalipokuja Kenya, mechi zote za hapa nchini zilichezwa Nairobi. Sisi watoto wa Mombasa tuliangalia kwenye televisheni kama watu wa nchi nyingine.

Mtu wangu wa tatu alikuwa mama muuza viazi karai karibu na steji yetu. Sikupanga kumuuliza, nilikwenda kununua viazi vya shilingi ishirini. Aliposikia ninachotafuta, akacheka hadi leso ikamteleza begani.

"Mwanangu, mimi mechi yangu ya kwanza niliisikia, sikuiona."

Alipokuwa msichana alikuwa akimsaidia mamake kuuza njugu na kachiri nje ya uwanja wa Manispaa. Walikaa nje ya ukuta, na mpira waliufuata kwa masikio. Kelele fupi yenye masikitiko: mtu amekosa. Kelele ndefu: bao. Kimya, kisha miluzi: refa amefanya mambo yake. Mamake alikuwa hodari kiasi kwamba kabla ya watu kutoka alishajua kama atauza au hatauza. Timu ya nyumbani ikishinda, watu hununua hata wasiokuwa na njaa. Ikifungwa, hupita kama wanaotoka mazishini.

"Nilikuwa nikimwambia mama, siku moja nitaingia ndani. Nikaolewa, nikazaa, nikasahau. Sasa nasikia umebomolewa." Akaniongezea kiazi kimoja bila kuitisha pesa.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na majibu mengi ya watu wengine na langu halipo. Mamangu alikuwa akichambua mchele uani. Kusema kweli nilikuwa nimemkwepa yeye siku nzima. Kwetu hatumtaji baba ovyo ovyo. Mama huwa kimya siku mbili. Lakini nilijikaza kisabuni.

"Mama, unaikumbuka siku baba aliponipeleka mpira?"

Mama hakuinua uso. Alitoa chuya mbili tatu, akazitupia kuku. Nikadhani nimeharibu. Kisha akaanza kucheka polepole.

"Siku ile ya viatu? Si wewe ulilala!"

"Nililala?"

"Kipindi cha pili hukukiona. Babako alinambia mlikaa upande wa jua, wewe ukala njugu, ukanywa maji, ukapiga kelele pamoja na watu, halafu ukalala fofofo mapajani mwake. Alijaribu kukuamsha, wapi! Akaona mechi ikiisha na wewe umelala, watu watakukanyaga pale mlangoni. Akakubeba mkatoka kabla haijaisha."

"Kwa hivyo baba hakuuona mwisho?"

"Hakuuona. Matokeo aliyasikia ndani ya matatu. Alifika hapa na wewe begani na kiatu chako kimoja mfukoni, analalamika kwamba amemlipia tiketi mtu wa kwenda kulala. Lakini alikuwa akicheka. Hadithi hiyo aliisimulia kazini kwake wiki nzima."

"Na nani alishinda, mama?"

"Hilo sikumuuliza, mwanangu. Mimi nilikuwa natafuta kiatu cha pili."

Wasomaji wangu, hapo niliingia chumbani nikajifanya ninasoma. Machozi yalinitoka, sina haja ya kuwaficha. Miaka yote hii nimejidai kwamba tulishinda, kumbe babangu alikuwa amesubiri siku ya mapumziko, akalipa tiketi kwa pesa za kibarua, akaja kuikatiza mechi kwa ajili yangu. Nilimwita mshindi kwa bao ambalo labda halikuwapo, na lile jambo alilolifanya kweli sikulijua.

Sasa naelewa kwa nini wazee wale hawakumbuki matokeo. Mmoja anakumbuka shati, mwingine kofia, mwingine masikio ya mamake. Magoli yaliandikwa na wenye kuandika. Anayekushika mkono mlangoni haandikwi popote, isipokuwa ndani ya yule aliyeshikwa.

Jumatatu nilisimama tena mbele ya darasa. Nilikuwa nimefuta aya ya mwisho ya insha yangu. Pale palipoandikwa "tukarudi nyumbani washindi" niliandika: "Sijui nani alishinda, kwa sababu nililala na baba akanibeba." Yule kijana wa Gor hakucheka. Wakati wa mapumziko alinijia akanipa mkono. "Poa bro," akasema. "Yangu ya kwanza pia nilipelekwa na guka. Nilitapika kwa basi." Tangu siku hiyo sisi ni marafiki, ingawa Jumapili za mpira hatupigiani simu.

Nina mdogo wangu wa kike. Baba alifariki kabla mtoto huyu hajajua kusema vizuri, na hana siku yoyote ya kwake ya kusimulia. Nimemsimulia yangu mara nyingi hadi ameanza kuisimulia kama vile naye alikuwako, na simkatazi. Nimemwahidi kwamba uwanja wa Manispaa ukifunguliwa tena, mimi ndimi nitakayempeleka, na mama muuza viazi tutampitia hapo steji twende naye, safari hii aingie ndani. Nataka nikae hadi kipenga cha mwisho, niuone ule mwisho ambao babangu hakuuona.

Lakini mtoto akisinzia, tutatoka.